Kununua skii za msituni: Kwa nini pana zaidi si bora zaidi

Na Mwandishi Wetu

MTU anayesimama juu ya Jay Peak, kaskazini mwa jimbo la Vermont nchini Marekani, asubuhi ya mwezi Februari, aghalabu huwa na theluji za aina tatu mbele yake kabla hajafika chini.

Kileleni, ambako upepo hautulii, theluji imepulizwa ikabaki ganda gumu linalong'aa. Akishuka na kuingia msituni, kati ya miti ya birchi na misonobari, hukuta theluji laini kama unga uliochekechwa, nayo humfika magotini. Akitoka msituni na kuingia kwenye njia pana iliyosawazishwa kwa mashine, hukuta barafu iliyokwanguliwa na mamia ya watu waliopita tangu alfajiri.

Safari hiyo huchukua dakika chache tu, na hakuna mahali pa kubadili vifaa njiani. Skii alizofunga miguuni juu ndizo zitakazompitisha kwenye ganda, kwenye unga na kwenye barafu, na ndizo zitakazoamua kama atageuka kabla ya kuufikia mti au baada ya kuugonga.

Skii, kwa wasiozijua, ni vibao viwili virefu vilivyopinda mbele, ambavyo hufungwa chini ya buti ngumu ili mtu ateleze juu ya theluji. Zipo za aina nyingi, na kwa miaka ya karibuni biashara kubwa imekuwa katika zile zinazoitwa za mlima mzima, yaani zinazodaiwa kufaa kila mahali na kila hali.

Madai hayo yana ukweli, lakini nusu tu. Hakuna skii inayofanya vyema sawasawa juu ya barafu na ndani ya unga mzito. Kila jozi iliyotundikwa kwenye ukuta wa duka ni mapatano kati ya mahitaji yanayopingana, na mnunuzi asiyejua ni kipi kilichopunguzwa ili kingine kiongezwe hujikuta akilipa mamia ya dola kwa kifaa cha ndoto zake badala ya kifaa cha mlima anaokwenda.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni moja. Mnunuzi huingia dukani akiikumbuka siku bora kuliko zote za msimu uliopita, au akiwa ametoka kutazama filamu ya mabingwa wanaozama kifuani katika theluji ya Alaska, kisha hununua skii pana na ndefu kwa ajili ya siku hiyo. Siku hiyo hutokea mara tatu au nne kwa mwaka. Siku zilizobaki hutembea na mzigo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye theluji huiona kwa mbali juu ya Kilimanjaro au Mlima Kenya, jambo hili laweza kuonekana la watu wa mbali. Hata hivyo, si geni kabisa. Mwaka 1998, mjini Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za skii za nyika za kilomita 10 katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia.

Miaka 20 baadaye, huko Pyeongchang, Korea Kusini, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mashindano ya kushuka mlima.

Wanariadha hao wawili ni mfano mzuri wa jinsi skii zinavyotofautiana. Zile za Boit zilikuwa nyembamba na nyepesi, za kukimbilia tambarare, na kisigino cha kiatu hakifungwi. Skii za mashindano ya slalomu kubwa, ambayo Simader alishiriki, ni ngumu, na kwa wanawake wa ngazi hiyo hutengenezwa ili zichore mzunguko wa mita 30. Msituni, ambako mti mmoja na mwingine huweza kuachana kwa mita tatu au nne, hakuna hata moja kati ya hizo inayofaa.

Wapo pia wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi karibu na milima yenyewe. Katika miji ya Burlington na Winooski, huko huko Vermont, kuna familia kutoka Kongo, Burundi na jamii ya Wabantu wa Somalia, na watoto wao wanakua wakiitazama milima hiyo kila majira ya baridi. Mzazi anayeombwa na kijana wake anunuliwe skii hukabiliwa na ukuta wa duka uliojaa namba asizozielewa.

Namba hizo ndizo za kuanzia. Juu ya skii, karibu na mkia, huandikwa tarakimu tatu mfululizo, kwa mfano 130-96-118. Ya kwanza ni upana wa sehemu ya mbele, ya pili ni upana wa kiuno, yaani pale buti linapokaa, na ya tatu ni upana wa mkia, zote kwa milimita. Kando yake huandikwa urefu kwa sentimita, na herufi R ikifuatiwa na idadi ya mita, ambayo ni nusu kipenyo cha duara ambalo skii ingechora ikilazwa upande wake.

Namba ya katikati ndiyo inayozungumzwa zaidi. Skii zenye kiuno cha chini ya milimita 85 hivi hutengenezwa kwa ajili ya njia ngumu zilizosawazishwa. Kuanzia hapo hadi milimita 100 na ushei ndipo zilipo nyingi zinazouzwa kwa jina la mlima mzima. Zaidi ya 105, skii huhesabiwa kuwa ya theluji nyingi.

Sababu ya upana ni nyepesi kueleweka kwa aliyewahi kuona gari likizama katika mchanga wa ufukweni. Tairi pana husambaza uzito na kuelea, na tairi jembamba huchimba. Kuongeza milimita 12 kwenye kiuno na kuiongeza hivyo hivyo skii yote yenye urefu wa sentimita 180 ni kuongeza sentimita za mraba 216 kwa kila mguu. Katika unga mzito mtu huihisi tofauti hiyo mara moja, kwani ncha za skii hubaki juu badala ya kupiga mbizi.

Lakini kila milimita ina gharama yake upande wa pili. Soli ya kawaida ya buti la skii, sehemu ya mbele, ina upana wa milimita 69 hivi. Skii yenye kiuno cha milimita 70 huwa na kingo zake za chuma moja kwa moja chini ya mguu, na mtelezaji akiinamisha goti kidogo, chuma huuma barafu. Skii ya milimita 100 humwacha na zaidi ya milimita 15 zinazochomoza kila upande wa buti. Kuinamisha ubao huo juu ya barafu ni kazi ya kifundo cha mguu na goti, nayo hurudiwa mara mamia kwa siku.

Ifikapo alasiri miguu huchoka. Na aliyechoka, akiwa bado na barafu ya kuvuka kabla ya kufika nyumbani, ndiye anayeanguka.

Ndiyo maana mahali huamua kabla ya ladha. Vermont hupata theluji ya kutosha, hasa kaskazini, lakini katikati yake hunyesha mvua, kisha baridi hurudi ghafla na kugandisha kila kitu. Misitu ni ya karibu karibu. Kwa milima ya namna hiyo, kiuno cha kati ya milimita 85 na 95 humtosha mtu mzima wa kawaida, na kwenda juu zaidi ni kununua shida.

Katika jimbo la Colorado mambo ni mengine. Steamboat, kwa mfano, inajulikana kwa misitu yake ya aspeni, miti myeupe iliyonyooka isiyo na majani wakati wa baridi, na nafasi kati ya mti na mti ni kubwa kuliko Vermont. Hali ya hewa ya huko ni kavu, kwa hiyo theluji huanguka nyepesi na hukaa hivyo kwa siku kadhaa kivulini. Hapo milimita 95 hadi 102 zina maana. Kwenye milima ya British Columbia, Kanada, au kisiwa cha Hokkaido, Japani, ambako theluji huanguka kwa wingi wa kutisha, hata 105 au zaidi haziwi za kujionyesha.

Msitu wenyewe hubadilisha theluji, na hili husahauliwa. Miti huzuia upepo na jua, kwa hiyo theluji iliyo chini yake hubaki laini siku mbili tatu baada ya uwanda wa wazi kugeuka ganda. Kwa maana hiyo, anayependa misitu hukutana na theluji laini zaidi kuliko takwimu za mlima zinavyoonyesha, lakini pia hukutana na mpaka kila mara, kutoka unga kwenda ganda na kutoka ganda kwenda barafu, tena ghafla. Skii inayomfaa ni ile isiyoshtuka kwenye mpaka huo.

Hapa umbo la skii, likitazamwa kutoka ubavuni, lina uzito kuliko upana. Skii ya zamani ikilazwa sakafuni, katikati hunyanyuka kama daraja dogo, na ncha na mkia ndivyo hugusa chini. Mtu akisimama juu yake, daraja hushuka na ukingo wote hushika. Kwenye barafu hilo ni jambo la kushukuru. Kwenye unga, ncha hiyo iliyolala hutafuta kuzama.

Wabunifu walikuja kuinyanyua ncha mapema, mbali kabla ya mwisho wa skii, kama omo la dau linavyopanda juu ya wimbi. Aliyesukuma wazo hilo hadi mwisho wake ni Shane McConkey, mtelezaji mashuhuri aliyekwisha kujaribu kuteleza thelujini huko Alaska kwa skii za majini. Mwaka 2002 kampuni ya Volant iliuza skii yake iliyoitwa Spatula, iliyobinuka kama mtumbwi kutoka ncha hadi mkia na iliyokuwa pana zaidi katikati. Ilikuwa kifaa cha unga mzito na si kingine. Juu ya barafu ilikuwa balaa.

Skii za leo za mlima mzima ni wajukuu wa Spatula waliooana na ukoo wa zamani. Ncha imenyanyuka, mkia umenyanyuka kidogo, na chini ya buti limebaki daraja fupi kwa ajili ya barafu. Anayetafuta skii ya msituni na aitazame sehemu hiyo kwanza. Njia rahisi ni kuziunganisha skii mbili chini kwa chini, kuzibana katikati kwa mkono, kisha kuangalia ni wapi zinaanza kuachana kuelekea ncha na kuelekea mkia.

Zikiachana mbali na ncha, skii hiyo hupanda juu ya unga kwa urahisi na huzungushwa bila nguvu nyingi. Mkia ulionyanyuka nao humruhusu mtu kuusukuma pembeni na kuteleza kiubavu, na hiyo ndiyo breki ya msituni. Mkia bapa na mgumu hushika njia aliyokwisha kuichora na kukataa kuiacha. Ni sifa nzuri kwenye njia pana, na ni sababu ya ajali kati ya miti.

Kuhusu urefu, kanuni ya zamani ya kunyoosha mkono juu na kupima skii hadi kiganjani imekufa na skii zenyewe za zamani. Hadi miaka ya mwanzoni ya 1990, mtu mzima aliona ni fahari kutumia skii za zaidi ya mita mbili. Kampuni ya Elan ya Slovenia ndiyo iliyotingisha mambo mwaka 1993 ilipotoa skii iliyoitwa SCX, fupi, yenye kiuno chembamba na ncha pana, iliyogeuka yenyewe kwa kuinamishwa tu. Ndani ya miaka michache viwanda vingine vyote vilifuata.

Siku hizi hupimwa kati ya kidevu na paji la uso, na anayependa misitu hukaa chini kidogo ya paji.  Uzito wa mwili una uzito wake pia katika hesabu, kwani ndio unaoikunja skii. Mtu mfupi mnene hahitaji skii ya kitoto, na mrefu mwembamba hahitaji ubao asioweza kuukunja.

Wauzaji wengine husema skii iliyonyanyuka ncha inabidi inunuliwe ndefu zaidi, kwa kuwa sehemu inayogusa theluji ngumu imepungua. Ni kweli kwenye njia pana. Msituni, sentimita tano za ziada mbele ya buti ni sentimita tano za kukwama kwenye kichaka.

Ile namba ya R nayo hutoa habari. Kwa skii za msituni, mita 14 hadi 18 ni kiasi cha kufaa. Ikishuka sana, skii huwa na haraka ya kugeuka hata pale ambapo haikuombwa, na katika theluji iliyovurugwa huweza kumvuta mtu upande asioutaka. Ikipanda zaidi ya 20, humtaka mtu aende kwa kasi ambayo misitu haina nafasi nayo.

Kisichoandikwa popote juu ya skii ni ugumu wake, ingawa ndio unaomsumbua zaidi mnunuzi baada ya wiki ya kwanza. Kiini cha skii nyingi nzuri bado ni mbao, kwa kawaida za mti aina ya popla au paulownia, zilizogundishwa kwa vipande na kufunikwa na nyuzi za kioo. Chuma kiliingia katika biashara hii mwaka 1950, pale Howard Head, mhandisi wa ndege wa Marekani, alipoanza kuuza skii zenye tabaka za alumini. Leo chuma kinachotumika sana ni Titanal, ambayo, licha ya jina lake kuwafanya wengi wadhani ni titani, ni aloi ya alumini.

Karatasi mbili kamili za Titanal huifanya skii iwe nzito na tulivu. Mantra ya kampuni ya Völkl ya Ujerumani, ambayo toleo lake la M6 lina kiuno cha milimita 96, ni mfano unaojulikana wa ukoo wa skii zenye chuma, ingawa humo chuma kimepangwa kandokando kama fremu badala ya kutandazwa kote. Skii za namna hiyo hukata theluji iliyovurugwa kama jahazi zito linavyokata mawimbi. Lakini humdai mwenye nazo nguvu na ufundi, na hazimsamehi aliyeegemea nyuma kwa woga, jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya anapouona mti mbele yake.

Upande wa pili wapo wanaouza skii nyepesi sana zenye nyuzi za kaboni. Mkononi zinapendeza. Zikikuta ganda au mabonge yaliyogandishwa usiku, hurushwa huku na huko. Skii moja yenye uzito wa gramu 1,700 hadi 1,950, yenye chuma chini ya buti tu au isiyokifikisha hadi kwenye ncha, kwa wengi ndiyo mapatano yenye busara. Wanaozidi kilo 90, au wanaoteleza kwa kasi na nguvu, waongeze.

Kuhusu skii zinazouzwa kama za wanawake, nyingi ni zile zile za wanaume zilizofanywa fupi, laini zaidi na kupakwa rangi nyingine. Mwanamke mwenye nguvu asizuiwe na rangi, na mwanamume mwepesi asione haya.

Kisha vipo vifungo, ambavyo wanunuzi wengi huviacha mwisho na kuvinunua kwa pesa iliyobaki. Vifungo ndivyo hulishika buti juu ya skii, na ndivyo hutakiwa kuliachia mtu anapoanguka kabla mfupa haujavunjika. Tangu vifungo vinavyoachia vilipoboreshwa, kuvunjika kwa mifupa ya muundi kumepungua sana katika mchezo huu. Magoti hayakupata bahati hiyo. Kukatika kwa ligamenti ya mbele ya goti kumebaki miongoni mwa majeraha makubwa ya watelezaji, kwani vifungo vya kawaida havikubuniwa kuyakinga magoti.

Nguvu ya kuachia hupangwa kwa namba inayotokana na jedwali la kimataifa. Fundi huhesabu uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na namna mtu anavyoteleza. Aliyefikisha miaka 50 hushushwa ngazi moja. Mteja anayejigamba mbele ya fundi kwamba yeye ni hodari, ili apangiwe namba kubwa, huwa anajipangia jeraha. Anayejishusha kupita kiasi naye huweza kuvuliwa skii katikati ya mteremko bila kuanguka.

Inashauriwa namba ya mtu iangukie katikati ya kipimo cha vifungo vyake, si mwishoni. Breki za vifungo nazo, zile nyaya mbili zinazoizuia skii isikimbie ikivuka mguuni, sharti ziwe pana sawa na kiuno cha skii au zaidi kidogo, lakini zisizidi kwa zaidi ya milimita 15 hivi, la sivyo hukwaruza theluji wakati wa kugeuka au kunasa kwenye mizizi.

Buti na vifungo sharti vipatane pia. Siku hizi zipo soli za aina zaidi ya moja, zikiwamo zile zilizopinda kidogo kwa ajili ya kutembelea, na si kila kifungo hukubali kila soli. Buti lililoazimwa kwa jirani laweza kuingia na kubana, na bado likakataa kuachia siku ya kuanguka.

Hilo ndilo tatizo la vifaa vya mitumba. Skii za miaka mitano huweza kuwa nzuri kabisa, ilimradi kingo hazijang'oka na chini hakuna tundu lililofika kwenye mbao. Vifungo ni jambo jingine. Watengenezaji hutoa kila msimu orodha ya vifungo ambavyo maduka yanaruhusiwa kuvirekebisha, na vya zamani huondolewa. Anayenunua jozi ya bei nafuu yenye vifungo vilivyoondolewa kwenye orodha hugundua kuwa hakuna duka litakalovigusa, na kuvinunua vipya humlazimu atoboe matundu mapya katika ubao uliokwisha kutobolewa.

Kwa bei za Marekani, skii mpya za mlima mzima bila vifungo huuzwa zaidi kwa kati ya dola 600 na 900. Mwishoni mwa msimu, kuanzia Machi, zile zile hushushwa bei sana ili kupisha za mwaka unaofuata, ambazo mara nyingi zimebadilishwa rangi tu. Buti linalokaa vizuri mguuni lina faida kuliko skii ya gharama, na mwenye pesa ya kitu kimoja na aanze na buti.

Maduka mengi yaliyo chini ya milima hukodisha skii za majaribio, na baadhi hukata kodi hiyo kwenye bei mteja akinunua. Majaribio hayo yana thamani yakifanyika katika siku mbaya. Skii zote ni nzuri asubuhi ya unga mpya. Ajaribuye na angoje siku ya tatu baada ya theluji kuanguka, mchana, wakati njia zimekwisha kukwanguliwa na msitu umekwisha kupitwa, kisha ashuke njia ile ile kwa jozi mbili tofauti.

Yote hayo yana uzito zaidi kwa sababu ya hatari iliyoko kwenye miti yenyewe. Katika misitu yenye theluji nyingi ya magharibi mwa Marekani na Kanada, hatari si kugonga shina tu. Matawi ya chini ya misonobari huizuia theluji isijae kuuzunguka mti, na hapo hubaki shimo la theluji nyepesi lililofichwa na matawi hayo hayo. Anayeanguka humo mara nyingi hutangulia kichwa, na theluji humiminika juu yake kama mchanga katika kisima kinachoporomoka.

Katika majaribio mawili yaliyofanyika Marekani na Kanada, watu waliojitolea waliwekwa kwa muda katika mashimo ya namna hiyo chini ya uangalizi. Asilimia 90 kati yao hawakuweza kujitoa wenyewe. Wanaokufa humo hufa kwa kukosa hewa, wengine wakiwa mita chache tu kutoka njia yenye watu. Vifungo havisaidii hapo, kwa kuwa anayening'inia kichwa chini hana nguvu inayovisukuma viachie.

Kwa hiyo wanaoingia msituni huhimizwa kuvua mikono kwenye mikanda ya fimbo zao, kufunga filimbi karibu na mdomo, na kuteleza wakiwa wawili au watatu wanaoonana muda wote. Kuonana maana yake ni kuonana. Mwenzake anayemsubiri chini kwenye lifti ya viti hawezi kupanda tena mlima kwa muda unaotosha kumfukua.

Anayehisi anaanguka kuelekea shimo hutakiwa akumbatie shina au tawi lolote, na kichwa akiweke juu ya theluji. Akishafunikwa, atengeneze nafasi mbele ya uso na asihangaike, kwani kila mtikisiko huleta theluji zaidi.

Skii haimwokoi aliyekwisha kuingia shimoni, lakini ina sehemu katika kumfikisha au kutomfikisha huko. Mtu ambaye skii zake ni ndefu mno au ngumu mno huchelewa kugeuka, na kugeuka kwa kuchelewa msituni humpeleka karibu na shina, chini ya matawi, mahali hasa yalipo mashimo. Ajaribuye jozi ya kukodi anaweza kulipima hilo kabla ya kulipa. Kwenye uwanda wa wazi, na ajichagulie alama thelujini, aiendee, kisha ageuke kiubavu na kusimama kabla ya kuifikia, mara kumi upande wa kulia na mara kumi upande wa kushoto. Jozi inayompitisha alama hiyo zaidi ya mara moja airudishe dukani, hata kama ni pana na inaelea vizuri, na aombe iliyo fupi kwa sentimita tano.